Kamba ya Babu na Kaburi la Jirani

Barabara mpya ilipangwa kupita juu ya kilima chetu cha makaburi. Kila ukoo ulipewa hadi mwisho wa mwezi kusimika kibendera kwenye kaburi lake ili lihamishiwe ng'ambo ya bonde, na lisilo na kibendera lingefukuliwa, mifupa ichomwe. Kufyeka makaburi kabla ya sikukuu ya mavuno ni kazi ya wanaume, nami niliolewa mbali, lakini mwaka ule mdogo wangu Jonghwan alikosa msaidizi. Tukapanda sote, yeye na mashine yake ya kukatia nyasi begani, mimi na mundu na chupa ya pombe ya mchele.

Babu yetu, Pyo Manseok, alikuwa fundi wa nyumba za mbao. Jumba la ukoo lile bondeni ni kazi yake, mbao zimeumana bila msumari hata mmoja. Mgongo wa paa hakuupima kwa rula. Alitundika kamba toka ncha hii hadi ile, akaiacha ilegee, kisha akalala kifudifudi akaitazama, shavu limejaa vumbi. "Kamba inajua kulegea kuliko mimi," alikuwa akisema. Alipokaribia kufa nilikuwa na miaka saba, nimemshikia bakuli la uji. Akasema, "Mnizike ninapoliona paa langu. Likipinda nijue."

Juu kuna makaburi mawili, matuta ya nyasi, la kulia na la kushoto, hayana jiwe la jina. Jonghwan akalifyeka la kushoto, alilolijua kuwa la babu, akalimwagia pombe kama kila mwaka, akaenda kivulini kufunga kibendera kwenye kijiti. Mimi nikaegemea lile tuta. Jua lilikuwa la utosini, nyasi mbichi zinanukia kama tikiti lililokatwa. Usingizi ukanichukua.

Babu akaja, vumbi shavuni. "Bokrye, shika ncha." Nikaishika kamba, naye akateremka nayo kuelekea jumba, anatembea juu ya vilele vya misonobari kana kwamba ni nyasi tu. Kamba ikanyooka, ikakwama. Nikavuta. Imekwama kwenye mwamba.

Nikaamka, na mwamba ule uko mbele yangu. Jumba halionekani hata kigae. Nikajikokota hadi tuta la kulia, nikalala kifudifudi. Mgongo wote wa paa, ncha hadi ncha, umelegea vizuri.

"Dada! Umeanguka?"

"Njoo ulale hapa, Jonghwan."

Akalala, akalitazama paa, kisha akaligeukia tuta la kushoto. "Labda zamani paa lilionekana hata kule."

"Miti hukua, mdogo wangu. Mwamba haukui."

"Miaka thelathini na moja," akasema polepole. "Nimekuwa nikimnywesha nani?"

"Mtu asiyelalamika. Mke wako angekuambia mwaka wa kwanza."

Tukakisimika kibendera kulia. Lakini nilipotazama nyuma, lile tuta la kushoto lililofyekwa vizuri likanitia huruma, halina mtu wa kulidai. Nikafungua leso yangu nyekundu, nikaifunga kwenye mpini wa mundu, nikauchomeka pale.

Karani alipokuja kuandika majina akauliza, "Na huyu ni nani wenu?"

"Jirani wa babu," nikasema. "Andika hivyo hivyo."

Walipofukua upande wa kulia, waliona kikasha cha wino cha seremala, cha kupigia mistari kwenye mbao, mbao zake laini kama mkate uliolowa. Sasa wamelala wawili ng'ambo ya bonde. Kabla hawajazikwa nililala kifudifudi mara mbili, mahali pa huyu na mahali pa yule. Wote wanaliona paa.