Kiti cha Uchovu wa Kapya

King'ora cha jioni kilipolia katika kiwanda cha matofali, nje kidogo ya Élisabethville, wanaume walinawa udongo mikononi, wakachukua makoti yao, wakaanza kurudi kambini polepole. Kapya peke yake alikimbia. Alikuwa amebeba matofali mabichi tangu alfajiri, na sasa aliwapita wenzake mbio, viwiko vimebana mbavu, akiwapungia mkono.

Alikuwa na sababu. Kampuni haikuweka mtu aliyechoka. Mwenye mgongo ulioanza kuinama alipewa blanketi moja na nafasi ndani ya lori, akarudishwa kijijini. Kapya alikuwa na mke, Delphine, na binti mdogo, Laurentine, na nyumba ya kambi iliyoezekwa bati, na lori lile hakutaka kulipanda. Kwa hiyo alijitunza. Kila asubuhi alioga maji baridi, akanyoosha mgongo, akarukaruka mpaka jasho likamtoka. Pombe hakugusa. Jumapili baada ya misa, wengine wakiwa wamejilaza, yeye alizunguka uwanja wa mpira. Na kila jioni alikimbia ili uchovu wake usimpate.

Na kweli haukumpata. Uchovu wa Kapya ulitoka kiwandani nyuma ya watu wote, ukatembea njia nzima kwa miguu, ukafika kambini yeye akiwa ameshakula na kulala. Ulikuwa na sura yake na mabega yake, na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ulijilaza kizingitini. Alfajiri, kabla haujafumbua macho, Kapya aliuruka akaenda kazini.

Mwanzoni Delphine aliusalimia tu. Mvua zilipoanza aliuingiza ndani, maana haikuwa vizuri mtu wa nyumba kulala nje. Akaupa kiti cha mbao ambacho Kapya hakuwahi kukikalia, akauwekea maji ya kunawa miguu. Karani wa posho alieleza kwamba unga ni wa mwili unaofanya kazi, si wa uchovu wake, na katika hilo alikuwa anafuata sheria. Delphine akawa anagawa bukari, ule ugali wa mumewe, sehemu mbili. Padri naye hakuona ubaya wowote, aliuliza tu kama unakuja misa.

Baadaye uliacha kwenda kiwandani. Ulikaa kitini siku nzima, na kilichobaki cha kazi ya Kapya kilijileta chenyewe jioni, kikauongezea uzito. Haukuwa na maneno mengi. Lakini ulikuwepo. Laurentine aliuonyesha herufi alizofundishwa na masista, nao ulimsikiliza, macho umefumba. Delphine akichambua sombe, majani ya muhogo, aliusimulia habari za kisimani na ugomvi wa majirani, mambo ambayo mke humwambia mumewe. Kapya hakuwa na nafasi ya kuyasikia, kwa sababu siku hizo alikuwa amepewa zamu ya pili, kwenye tanuru.

Aliyempa zamu hiyo ni msimamizi mzungu, ambaye watu walimwita Bwana Upesi. Alipomwona mtu aliyebeba matofali kutwa akiondoka mbio, Bwana Upesi alielewa jambo moja tu, kwamba kazi haikumtosha. Akaongeza kipimo cha matofali. Hakuongeza cha Kapya peke yake, aliongeza cha wote, kisha akaongeza tena. Wanaume wengine, ambao uchovu wao uliingia miilini mwao kama kawaida, walianza kwenda kazini wakishikana mabega.

Mutale, aliyefika mjini pamoja na Kapya na kulala naye mkeka mmoja miezi ya mwanzo, alianguka kati ya mistari ya matofali, akalala hapo udongo ukimkauka usoni. Wiki hiyo hiyo akapewa blanketi. Kapya alikimbia kwenda kumuaga, akafika hata kabla dereva hajawasha lori la kuwarudisha watu vijijini, upande wa Lukafu.

"Kapya, ndugu yangu," Mutale alisema kutoka juu, "ulikuwa unakimbia mbiyo sana."

"Nilikuwa naogopa ii lori."

"Shiye bote tulikuwa tunaiogopa," Mutale akajibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Kapya kuliko tusi.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, Kapya alitembea kurudi nyumbani. Alijuta njia nzima. Alikokota miguu, akasimama mara kwa mara na kutazama nyuma, akitumaini kuona kitu kinakuja. Hakuna kilichokuja. Alipofika uani, Laurentine alimletea kikombe cha maji kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kuwapokea wageni.

"Jambo, baba," alisema. "Baba eko anapumuzika."

Kapya aliingia, akapiga magoti mbele ya kiti. Ule uchovu ulikuwa umezeeka kumzidi.

"Kuya," aliuambia. "Ingia mu mwili yangu. Miye sasa nataka kuchoka."

Ulifumbua macho, ukamtazama kwa upole, ukayafumba tena.

"Muache, Baba Laurentine," Delphine alisema kutoka jikoni. "Miaka yote alikuwa anakungoya pa mulango. Weye ulikuwa unamuruka tu."

"Na miye nitaikala wapi?"

Delphine alifikiri, kwa sababu hakuwa mwanamke mkatili. "Kiti iko moya," alisema.

Uchovu wa Kapya ulikufa mvua zikikaribia kuisha, usingizini. Delphine alifunga kitambaa cha msiba kichwani. Laurentine alilia mpaka sauti ikakauka, na Kapya, aliyekuwa amesimama karibu naye, hakujua aweke wapi mikono yake. Wanaume wa kambi walikuja kuchimba kaburi lakini majembe yaliwashinda, kwa hiyo Kapya alichimba peke yake. Alichimba vizuri, kuta zimenyooka, na alimaliza kabla nyimbo za wanawake hazijaisha. Bwana Upesi, aliyekuwa akipita kwa baiskeli, alisimama kidogo akatazama. Alivua kofia, kwa heshima ya marehemu.

Jumatatu akaongeza kipimo.

Jioni ya siku hiyo Kapya alikuta kile kiti kimewekwa nje, mbele ya mlango.

"Ikala," Delphine alimwambia. "Sasa ii njo kiti yako."

Alikaa. Alikuwa ametamani kukaa pale kwa muda mrefu, mkewe upande huu na binti upande ule. Aliegemea. Laurentine alileta kibao chake cha kuandikia, akaanza kumwonyesha jina lake. Lakini hapakuwa na kitu chochote mwilini mwa Kapya cha kumshikilia kitini. Magoti yalitikisika, visigino vikainuka, na kabla mtoto hajafika herufi ya tatu alikuwa amesimama.

"Munisamehe," alisema, akaondoka mbio kuelekea uwanja wa mpira.

Walimsikia akizunguka, hatua zake zikija na kwenda. Wingu lilikuwa linakusanyika upande wa Ruashi. Laurentine alifuta kiti kwa kanga ya mama yake, akakiingiza ndani kisilowe.