Jibu la Saady

Mwenye binti au kijana anayeongea na watu kwa mashine, na asome habari hii ya Mwajabu wa Kibondo.

Mchana ule Mwajabu alimpelekea bintiye Firdausi wali kwenye ofisi ya ndege. Firdausi hakuwepo, alikwenda kupima maji uwanjani, maana mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mwajabu hajafungua hata hotipoti, mashine ya mezani ikalia trrr, ikatema karatasi. Ujumbe kutoka kwa Saady.

Na rubani Saady walishamzika, ilikuwa siku ya kumi na tisa.

"NIMESOMA. SITUI. NAGEUKA." Chini yake saa: tano na dakika kumi na mbili.

Ndiyo saa ambayo ndege ya Saady ilijichimbia kwenye tope.

Fundi Makarius akachungulia mlangoni. "Shikamoo mama. Nimeunga betri kwenye mabaki kule bandani. Kama kuna ujumbe uliokwama kwenye chombo chake, utatoka. Huku kimetoka chochote?"

"Hakuna, baba," Mwajabu akasema, na karatasi tayari ameifunga kwenye pindo la kanga.

Alikuwa amepiga hesabu. Siku ile Firdausi aliandika saa tano kamili: uwanja una maji, usitue. Kioo cha mashine kikaonyesha IMEFIKA, naye akaendelea na kazi zake. Lakini kilichosema imefika ni chombo cha ndege, kinajibu chenyewe. Saady alikuwa anapambana na mawingu, akausoma akiwa amechelewa. Dakika kumi na mbili, na redio ya kumwita kwa sauti iko pale mezani! Firdausi akawaambia wakaguzi ujumbe ulifika. Mji ukasema marehemu alikuwa mbishi, na mjane wake Zuhra akainamisha kichwa sokoni.

Firdausi akaingia, amelowa chapachapa. "Hapatuliki leo, na rubani Winnie yuko njiani kutoka Kigoma." Akaandika haraka. IMEFIKA. Akavuta hotipoti.

"Amesemaje?" Mwajabu akauliza.

"Imefika, mama."

"Nakuuliza Winnie amesemaje."

"Mama nawe! Umeajiriwa lini ukaguzi? Kaa tule."

Mwajabu akatazama saa ya ukutani. Dakika moja. Mbili. Tatu. Akahisi kama Saady amesimama nyuma yake, na tope lake, anasubiri. Akafungua pindo, akampa karatasi.

Firdausi alisoma mara moja tu. Kijiko kikaanguka, akaikamata redio. "Winnie! Winnie, umesoma ujumbe wangu?"

Redio ikakoroma. Ikakoroma tena.

"Ujumbe gani? Niko mawinguni, nashuka."

"Usitue! Uwanja umejaa maji. Rudi Kigoma!"

Winnie akajibu: "Situi. Nageuka."

Mlio wa ndege ukapita juu ya bati, ukaenda zake. Firdausi akaiweka redio chini.

"Mama, hii karatasi Makarius ameiona?"

"Hajaiona. Makaa yanawaka jikoni, mwanangu, itaungua mara moja."

Firdausi akamtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Akaikunja ile karatasi, akaiweka kifuani isilowe, akatoka mvuani. Hakuelekea bandani kwanza. Alishika njia ya kwa Zuhra.

Mwajabu akabaki na wali unaopoa. Kwenye kioo neno lilikuwa bado linawaka, IMEFIKA, vilevile kama lilivyowaka kwa Saady.