Pikipiki ya Mlingoti na Kibiriti

Kabla ya alfajiri spana iligusa chuma uani, ti, kama kijiko kinavyogusa kikombe. Bibi alifumbua macho akatabasamu gizani. Alijua ni mjukuu wake, usingizi umemruka kwa furaha, ameamka kuichezea pikipiki yake. Tangu jana nyumba nzima ilikuwa pikipiki tu: pikipiki wakati wa kula, pikipiki wakati wa kufua, hata jirani aliyekuja kuazima chumvi aliondoka na habari za pikipiki. Bibi akajigeuza upande wa pili ili amwache ajifurahishe. Ndipo mkono wake ulipogusa nyayo mbili. Mjukuu alikuwa kitandani kwake, amelala fofofo, na miguu yake, kama kawaida, ilikuwa imepita mwisho wa godoro na kuvuka hadi kitanda cha bibi.

Spana ikagusa chuma tena, taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kuamsha watu. Bibi aliona kwamba huyo aliyeko uani, awe nani awe, ana adabu. Akamfunika mjukuu nyayo, akalala.

Mjukuu huyu mtaani walimwita Mlingoti. Aliinama katika kila mlango, na mikono ya nguo za dukani ilimwishia kwenye viwiko. Hospitali kubwa ilikuwa imekubali kumpa kazi ya kuchukua damu za wagonjwa kutoka zahanati za mlimani na kuzifikisha maabara zikiwa bado baridi. Sharti lilikuwa moja: aje na pikipiki yake. Nyumbani wakamnunulia hii, iliyokwisha tumika, yenye injini nzuri, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi sana. Siti ilikuwa imepunguzwa sponji, usukani umelazwa, vikanyagio vimepandishwa juu. Mlingoti alipoikalia, magoti yalikutana na viwiko.

Siku ya kwanza ya majaribio, katika uwanja wa hospitali, alipokata kona goti liliuzuia usukani, usukani ukagoma, na pikipiki ikamlalia. Mkuu wa usafirishaji alimwinua, akampangusa vumbi begani, ndipo akasema.

"Binti, wewe na hii pikipiki bado hamjazoeana. Rudi Jumatatu. Ukianguka tena nafasi nampa mwingine. Damu za watu hazimwagwi barabarani."

Bibi aliposimuliwa alisema mtu anayekupangusa vumbi kwanza si mtu mbaya. Lakini Jumatatu ilikuwa ni Jumatatu.

Kwa hiyo Jumamosi walikwenda kwa fundi wa pikipiki wa pale kona. Fundi alimkalisha Mlingoti juu ya pikipiki, akamzunguka kama mshonaji anayepima suti.

"Bibi, huyu ulikuwa unamlisha nini?"

"Mimi nililisha mtoto wa kawaida," bibi alisema. "Hapo alipofika ameendelea mwenyewe."

Fundi alitia vipande viwili vya chuma chini ya usukani, ukapanda na kusogea kifuani. Alishusha vikanyagio na kuvirudisha nyuma kidogo ili magoti yapate kufunguka. Juu ya siti aliongeza sponji ngumu, akakaza springi za nyuma. Kisha alizungusha pedali ya gia na ya breki zifuate unyayo mahali ulipo sasa, si mahali ulipokuwa. Mwisho akamwambia Mlingoti afumbe macho na anyooshe mikono bila kufikiri.

"Vidole vimeangukia wapi?"

"Kwenye klachi. Na kwenye breki!"

"Kiwiko kimelegea?"

"Kimelegea kabisa!"

"Basi sasa umeivaa."

Mlingoti alizunguka mtaa mzima akiwa amenyooka. Tangu utotoni bibi hakuwahi kumwona amenyooka hivyo. Darasani alijikunja, jikoni alijikunja, kwenye picha alipiga magoti. Sasa alipita mbele ya maduka kichwa kikiwa juu ya vibao vya maduka, anacheka, na wauza viatu wakasimama kumpigia makofi. Bibi naye alipiga makofi hadi kilemba kikamfunguka.

Hiyo ndiyo pikipiki waliyoilaza uani Jumamosi. Jumapili asubuhi, baada ya ile spana ya alfajiri, waliikuta imerudi kuwa fupi.

Hakuna kilichoibwa. Vipande vya chuma vilipangwa juu ya kitambaa safi, sponji imekunjwa, nati zote zimo kikombeni zisipotee. Mnyororo ulikuwa umepakwa mafuta. Petroli haikupungua. Siti ilikuwa bado ina joto, na ilinukia mkate uliotoka tanuruni.

"Wezi, bibi!" Mlingoti alishika kichwa.

"Mwizi gani anapaka mnyororo mafuta?"

Fundi alikuja ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika, amevaa viatu vyake vizuri. Akapima kwa mkono toka kwenye siti hadi kwenye usukani, akatikisa kichwa.

"Hivi ni vipimo vya Kibiriti," alisema huku akitafuta spana namba kumi na mbili. "Yule mfupi aliyekuwa anasambaza mikate ya kiwanda. Alifariki wakati wa mvua, pale kwenye kona ya daraja, na pikipiki hii hii. Kiwanda kikaitengeneza, kikaiuza. Nipeni hicho kipande cha kushoto."

"Maskini," bibi alisema, akampa kipande cha kushoto.

Wakairefusha upya. Mlingoti alijaribu kona nane kuzunguka ndoo, hakugusa hata moja. Lakini usiku alikaa ukingoni mwa kitanda akibana vidole.

"Bibi, akija tena kesho? Saa mbili natakiwa uwanjani. Fundi hafungui mpaka saa tatu."

"Lala, mama. Kesho nitazungumza naye."

Alfajiri ya Jumatatu bibi alijifunga kanga mbili, akachukua kigoda na tochi, akaketi uani. Kibiriti alipita katika geti lililofungwa, akiwa na spana yake mfukoni na koti la kiwanda lililochanika bega. Bibi aliposimama, alimfika kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari ya mbali."

"Si mbali sana. Samahani kwa kelele za jana. Nilijitahidi."

"Nilisikia unajitahidi. Lakini unatuvunjia kazi. Mjukuu wangu leo ana mtihani na pikipiki hii."

Kibiriti alionekana kuhuzunika kwa kweli. "Bibi, kwa ile siti miguu yangu haigusi chini. Nikisimama na tenga la mikate nyuma nitaanguka, na kuanguka mara moja kumenitosha."

"Hapo una haki. Lakini mbona bado unafanya kazi? Wenzako hupumzika."

Alichuchumaa akaanza kulegeza nati ya usukani, akieleza polepole. Siku ile alipofariki, meneja alisema kazi ya kiwanda huanza jua likichomoza. Yeye alianguka kabla. Kwa hiyo hakufia kazini. Alifia kwenye mambo yake. Mama yake aliambiwa hivyo hivyo, na hapakuja hata mtu wa kiwanda kumwambia pole. Tangu hapo kila siku Kibiriti huchukua mikate gizani na kuigawa gizani, ili ijulikane kuwa kazi huanza gizani. Pikipiki waliiuza, lakini kazi hawakuifuta.

"Nikiacha sasa," alisema, "watasema hata siku ile nilikuwa nimeshaacha."

Bibi alimmulikia tochi. Aliwaza kidogo.

"Basi tufanye hivi. Unayoifupisha, uirefushe mwenyewe ukirudi. Mimi nitakushikia spana."

"Nikirudi jua linakuwa limekaribia, bibi. Likitoka, mimi sipo."

"Ndiyo maana tutakuwa wawili."

Kibiriti alikubali, ila na yeye alikuwa na ombi. Tangu afariki hajafika kwa mama yake, kwa sababu njia ya mikate haipiti kule na hajapewa likizo. Njia ya zahanati za mlimani inapita mlangoni kabisa. Binti akipata kazi, ampitie tu, amsalimie.

"Atampitia," bibi alisema.

Kibiriti aliondoka na pikipiki, akarudi mbingu zikianza kuwa za kijivu. Mlingoti alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, na alipoambiwa ni nani alisema "Oho, karibu" akakimbilia sponji. Walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Kibiriti alishusha vikanyagio, Mlingoti alikaza siti, bibi aligawa nati kutoka kikombeni. Jogoo wa jirani aliwika. Ukutani mwanga uliteremka tofali kwa tofali, na viganja vya Kibiriti vikaanza kupitisha mwanga hadi spana ikaonekana ndani yake.

"Imebaki moja, bibi! Ya kulia! Shika wewe!"

Bibi, ambaye hakuwahi kukaza kitu kigumu zaidi ya kifuniko cha chupa, alishika.

"Kaza! Kaza tena! Robo! Hapo!"

Sauti ilikuwa imebaki peke yake. Jua lilipofika kwenye geti hapakuwa na mtu wa tatu uani, na nati ilikuwa imekaza.

Saa mbili bibi alikuwa kwenye uzio wa hospitali, eti amekwenda kupima presha. Mkuu wa usafirishaji alipanga makopo katika uwanja. Mlingoti alikaa, akanyooka, akafumba macho, akanyoosha mikono, akafumbua. Akapita kopo la kwanza, la pili, akakata ile kona iliyomwangusha, akairudia kwa upande wa pili, akasimama mbele ya mkuu na mguu mmoja chini kama mtu anayengoja rafiki. Wauguzi walichungulia madirishani. Bibi alipiga kelele kiasi kwamba mlinzi alimletea kiti.

"Sasa mmezoeana," mkuu alisema, akamkabidhi sanduku la baridi. "Nani kakuwekea sawa?"

"Fundi, bibi yangu, na marehemu mmoja."

"Wamefanya vizuri," alisema mkuu.

Njiani kuelekea mlimani bibi, aliyepanda nyuma, aligonga bega la mjukuu mbele ya kiwanda cha mikate. Meneja alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti.

"Mwanangu, nimekuja kumwombea Kibiriti likizo. Siku moja tu, amwone mama yake."

"Bibi, likizo ni ya wafanyakazi. Yule alifariki."

"Basi mwambie asifanye kazi."

"Mimi simtumi. Anakuja mwenyewe." Meneja alikunja mikono juu ya meza. "Na mikate inafika, tena mapema. Wateja wamefurahi. Sasa mtu akileta faida nimfukuze?"

"Kwa hiyo kazi huanza kabla ya jua?"

"Kazi huanza jua likichomoza, bibi. Hilo halijabadilika."

Alimsindikiza hadi mlangoni akamshika mkono kwenye ngazi asijikwae. Bibi aliiona hisani hiyo pia, na haikumsaidia kitu.

Nyumba ya mama yake Kibiriti ilikuwa kwenye mpindo wa barabara, karibu na zahanati ya kwanza. Mwanamke mfupi alikuwa anaanua nguo. Aliisikia injini kabla hajaiona, akaiacha kamba, vibanio vyote vikiwa mdomoni.

"Shikamoo, mama," Mlingoti alisema kutoka juu. "Tumetumwa na mwanao. Anakusalimu."

Mama alitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja. "Hajambo?"

"Hajambo, dada," bibi alisema. "Alikuwa kwetu alfajiri. Koti limechanika bega, lakini mwenyewe mchangamfu. Ana mkono mzuri wa kazi."

"Waliniambia siku ile alikuwa kwenye starehe zake."

"Alikuwa amebeba mikate. Na hata leo ameibeba."

Mama aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema. "Starehe gani alfajiri, mtoto aliyekuwa analala saa mbili usiku." Akaikaribia pikipiki, akaweka mkono juu ya siti, akaushusha chini hewani, hadi pale siti ilipokuwa zamani. "Mmeipandisha."

Mlingoti alitazama barabara. Zahanati ilikuwa bado haijafungua dirisha la maabara. Alichukua spana aliyokuja nayo bibi, akafungua sponji, akalaza usukani, akapandisha vikanyagio. Sasa alijua njia yote mbele na nyuma. Kisha akainama, akamshika mama kiunoni, akampakia.

Nyayo za mama ziligusa chini, zote mbili, bapa kabisa. Mikono yake ilikwenda mbele na kukuta usukani ukimngoja. Alikaa hivyo huku nguo zikimpepea nyuma yake, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akaanza kucheka, akapiga honi mara moja kama mtoto, akajiziba mdomo, akaipiga tena.

"Kumbe ndivyo alivyokuwa anakaa," alisema. "Kesho anakwenda kazini?"

"Anakwenda," bibi alisema. "Hawajampa likizo."

"Hawatampa."

"Hawatampa, dada."

Mama alishuka mwenyewe, akawashikia nati wakati Mlingoti akiirefusha. Walipowasha injini alikuwa bado ameshika kioo cha pembeni.

"Kesho mnapita?"

"Kesho ni zahanati za upande wa pili, mama," Mlingoti alisema. "Keshokutwa."

"Keshokutwa piteni. Kama mna haraka msishuke, mpunguze mwendo tu, mimi nitatoka barabarani. Lakini piteni."