Kambale wa Karamu ya Baba Mkwe

Kambale aliyekufa siku mbili majini hunuka hata ukimwogesha kwa siki. Mimi ndiye niliyewaopoa, asubuhi ya kumbukumbu ya kifo cha baba mkwe, na hadi leo nikikumbuka natema mate.

Bwawa lilikuwa langu kulitunza. Kila mwezi niliwachanganyia kambale unga wa hamira kwenye chakula kwa siku kumi, kisha nikawapumzisha. Unga ule hauui vijidudu. Unaamsha kinga ya mwili wa samaki mapema, ili vijidudu vikija vikute mlango umefungwa. Lạc, mdogo wa mume wangu, alikuwa akinicheka.

"Shemeji, samaki wazima hao! Dawa ya nini? Mwisho utawapeleka kliniki!"

Nilipokwenda mjini Cần Thơ kumuuguza mama yangu kwa miezi miwili, bwawa likabaki mikononi mwa Lạc. Nikarudi asubuhi ile ya kumbukumbu, nikakuta gunia la unga limeshonwa vilevile nilivyoliacha, na kambale wengi wanaelea matumbo juu. Ndipo Lạc akalipasua gunia na kuumwaga unga wote bwawani.

"Si wanaumwa sasa? Sasa ndiyo dawa!"

Mjinga yule! Anafunga mlango mwizi akiwa jikoni. Nilimpasua kambale mmoja: ini na figo zimejaa vidonda vyeupe vya usaha, kama punje za mchele. Nikatapika palepale.

"Hao hao tutawapika," Lạc akasema. "Tia ukwaju na pilipili. Majirani watajuaje?"

Nikamgeukia mama mkwe, nikidhani atamkemea mwanawe. Majirani hao ndio waliobeba jeneza la mumewe.

"Mama, huu ni uozo. Nitawalishaje watu?"

"We Nhàn, usituaibishe. Watu wamealikwa, waje wale nini, majani? Pika!"

Nikapika. Mchuzi ukatoka mwekundu, unanukia ukwaju, na kinyaa changu kikazidi kwa vile ulivyonukia vizuri. Wageni wakaketi mkekani. Lakini kwetu mtu hagusi chakula kabla marehemu hajatengewa chake. Basi nikachota bakuli la kwanza, nikatia kichwa cha kambale kama alivyopenda mzee, nikaelekea kwenye meza yake, penye picha na ubani.

Mama mkwe akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akanidaka mkono.

"Si hilo! Baba yenu nimemchinjia bata. Hilo la wageni!"

Alisema kwa sauti. Nadhani hata yeye alijisikia, maana aliziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikwisha kutoka. Lạc akajifanya anatafuta kiberiti.

Bi Thoa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa tayari na vijiti vya kulia mkononi. Akavilaza mkekani polepole. Hakumtazama Lạc wala mama mkwe. Alinitazama mimi niliyepika.