Swali la Kumi na Moja

Fomu ya bima ilikuwa na maswali kumi na manne, na Mihayo aliyajibu yote. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, ingawa Ijumaa ile aliliona kuwa fahari.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, seremala aliyetumikia mgodi wa Geita miaka kumi na mmoja, kisha akarudi kwao, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini. Alirudi na pikapu kuukuu aliyouziwa na mgodi, na elimu ya shule ya usiku. Huko mgodini mchana alishika randa, jioni akashika kalamu. Mwalimu wao alikuwa na neno moja asilochoka kulirudia: mstari mtupu ni aibu ya mwandishi. Mihayo alilishika neno hilo kama amri ya kanisani. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, umesimama wima kama nguzo za ua mpya, na kijiji kizima kilimletea barua awasomee na kuwaandikia majibu.

Sasa pikapu ilikuwa imesimama uani wiki ya tatu, kuku wanataga chini yake. Msimu wa pamba ungefunguliwa Jumatatu, na chama cha wakulima kilikuwa kimemwahidi kazi ya kusomba magunia. Lakini gari lisilo na cheti cha bima halikuruhusiwa kutia tairi barabarani. Madereva walikuwa wamemuusia: usikate bima kwa wakala wa kwanza, zunguka, uliza bei, ulinganishe. Ndiyo maana Ijumaa alipanda baiskeli asubuhi na mapema.

Wakala wa kwanza alikuwa Cornel, kijana wa Kikatoliki mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliyeuza bima upande mmoja wa meza, na chumvi, sukari na mafuta ya taa upande wa pili.

"Nataka kujua bei tu," Mihayo alisema.

"Bei ipo, mzee wangu. Jaza fomu kwanza."

"Nijaze fomu ya kitu ambacho sijakinunua?"

"Bila fomu nitajuaje bei?" Cornel alimgeukia mama mmoja, akachana karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa chini ya mizani, akaisokota pembe, akamimina chumvi. "Wenzako wote wanajaza. Au kuandika ni shida? Nikuandikie?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Mihayo akavuta kiti, akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaanza. Jina, jina la baba, kabila, dini, umri. Gari linalala wapi. Wake wangapi, watoto wangapi. Akaandika bila kufuta hata herufi moja, mpaka swali la kumi na moja: *Mali nyingine za mwombaji, pamoja na mifugo yote aliyo nayo au anayoisimamia, idadi, na mahali ilipo.*

Kalamu ikasita.

Ng'ombe aliowasimamia walikuwa ishirini na wawili, na hawakuwa wake. Walikuwa wa Generosa, binti wa marehemu kaka yake Mabula, aliyekuwa akisomea uuguzi kwa masista. Mabula alipoona homa inamshinda, alimwita Mihayo peke yake, akamwambia: "Nikifa, baba zetu wadogo watawagawana hao ng'ombe kabla matanga hayajaisha. Wapeleke mbali. Kila mwaka uza mmoja, mtoto asome." Mihayo akawapeleka Bugarama, Msalala, kwenye boma la rafiki yake Mageni, wakachanganyika na ng'ombe wa Mageni. Ukoo uliambiwa walikufa kwa ugonjwa wa sotoka. Baba mdogo Maige, mkubwa wa ukoo, hakuamini hata siku moja, lakini hakujua pa kutafuta. Mwaka wa tatu huo siri ilikuwa imelala salama.

"Hili la mifugo ni la nini?" aliuliza. "Nitalipa taslimu."

"Ni dhamana kwa wanaolipa kidogo kidogo."

"Mimi silipi kidogo kidogo."

"Fomu ni moja kwa wote, mzee. Na haitoki humu. Ni siri ya kampuni."

Mihayo aliutazama mstari ule mtupu. Ulimkera kama jino lililotoboka. Akaandika, kwa mwandiko ule ule mzuri: *Ng'ombe 22, mali ya Generosa binti Mabula, Bugarama, kwa Mageni.* Akamaliza yote kumi na manne.

Cornel akapitisha macho kama mtu anayetazama mawingu, akataja bei. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu acheke au alie.

"Kwa pikapu ile? Nikiongeza kidogo si nitanunua nyingine?"

"Ndiyo bei."

"Basi nirudishie fomu yangu."

"Fomu ikishajazwa ni ya kampuni."

"Maneno yaliyo ndani ni ya nani?"

Cornel akacheka. "Mzee unapenda ubishi kama wakili." Akaiweka karatasi kando, juu ya nyingine, akamgeukia mteja wa mafuta ya taa. Mihayo alisimama pale kwa muda kama mti uliosahauliwa shambani, kisha akatoka.

Wakala wa pili, bwana mnene aitwaye Eustace, alikaa kwenye chumba cha nyuma ya pampu ya petroli. Huko Mihayo alikuwa ameshaerevuka.

"Gari ni pikapu, la kubebea pamba," alisema akiwa bado mlangoni. "Dereva ni mimi, leseni hii hapa. Bei?"

"Karibu kiti kwanza. Una wake wangapi?"

"Gari halijaoa."

Eustace hakucheka. "Una maradhi gani? Mrithi wako nani? Ukifa nani anajua mali yako ilipo?"

"Bwana, nimekuja kukata bima au kuungama?"

"Niachie majibu hapa, wiki ijayo utapata bei kutoka Mwanza."

"Wiki ijayo pamba itakuwa imesombwa na wenye punda." Mihayo akarudisha leseni mfukoni, akatoka jasho likimtiririka shingoni. Toka asubuhi alikuwa ameulizwa habari za kitanda chake, damu yake na kaburi lake. Kuhusu breki za pikapu hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa alasiri alipofika kwa fundi wa kuziba matairi karibu na stesheni. Fundi mwenyewe alikuwa safarini, na uwakala wa bima ulishikwa na mkewe, Bi Mwamvua, mama wa makamo aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akipepeta mchele.

"Shemeji, maji unakunywa?" alisema kabla ya jingine lolote. "Uso wako umekauka kama wa mtu aliyetoka baraza la mahakama."

Mihayo akanywa, akamweleza anachotaka, akasubiri kuulizwa juu ya wake.

"Gari la aina gani? La mwaka gani? Linabeba nini? Nani anaendesha?" Akamjibu. Mwamvua akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akataja bei. Haikuwa ndogo, lakini ilikuwa bei ya binadamu.

"Basi? Huulizi wake wala mifugo?"

"Niulize nini tena? Bima ni ya gari. Ukimgonga mtu, ng'ombe wako watamfufua?"

Mihayo alimshukuru, akaaga. Jumamosi alirudi na fedha, akapewa cheti chenye mhuri, akakibandika kwenye kioo cha pikapu. Aliizunguka pikapu mara tatu akikitazama.

Jumapili baada ya ibada, baba mdogo Maige aliingia uani akiegemea fimbo, mkono wa kushoto umeshika pembe ya karatasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Naona gari lako limepata hirizi." Alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Jana mama yako mdogo alinunua chumvi mjini. Nikaitazama karatasi yake. Mimi sijui kusoma, lakini nikasema, mwandiko huu ninaujua. Barua zangu zote zimetoka katika mkono huu. Nikajiuliza, Mihayo anamwandikia nani, mpaka barua zake zinafungiwa chumvi?"

Mihayo aliitazama ile pembe. Karatasi ilikuwa bado imesokotwa, punje nyeupe zimenata kwenye mikunjo, na juu yake herufi zake za duara, nzuri, wazi, za kusomeka na mtoto wa darasa la pili.

"Nisomee," Maige alisema.

Katika miaka yote ya kuwasomea watu, Mihayo hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza. Akina mama waliolia aliwasomea mpaka mwisho. Waliotukanwa aliwasomea matusi yao. Angesema sasa, "Ni hesabu za mbao," mzee angeondoka zake. Ulimi uligoma.

"Sitaisoma, baba."

"Haisomeki?"

"Inasomeka. Ni ya kwangu."

"Kwa hiyo ina jambo." Macho ya mzee yalikuwa madogo na makali. "Wapo wengi wa kusoma siku hizi. Kesho nitampa katekista."

"Mpe. Lakini nikuulize kwanza. Barua zako nimezisoma miaka mingapi?"

"Toka uliporudi."

"Zote? Na zile zinazotoka Nyarugusu?"

Fimbo ya Maige ikaacha kuchora mchanga.

"Umewahi kusikia hata neno moja la barua hizo kwa mama mdogo? Kwa jirani? Kwa mke wangu?"

"Unanitisha, Mihayo?"

"Sikutishi. Sitalisema hata ukiniudhi, hata ukiipeleka hii kwa katekista. Nakuuliza tu: aliyekutunzia yako, utamtunziaje ya kwake?"

Kuku akatoka chini ya pikapu akitangaza yai lake. Mwisho Maige alivua kofia yake, akamimina chumvi ndani yake taratibu, bila kuacha hata punje, akaitupa karatasi mapajani pa Mihayo.

"Umekuwa mkaidi kama Mabula," alisema, akaenda zake na kofia ya chumvi mkononi.

Mihayo akaikunjua. Jina, jina la baba, kabila, dini, wake, watoto. Swali la saba. Kisha ukingo uliochanika. Ilikuwa nusu ya juu tu.

Jumatatu asubuhi, wakati magari mengine yakipanga foleni kwenye ghala la pamba, pikapu ya Mihayo ilisimama mbele ya duka la Cornel.

"Nusu ya chini iko wapi?"

Cornel akaitazama ile karatasi yenye mikunjo, akajikuna. "Aa, hizo za wasiokata bima tunafungia vitu. Karatasi ni ghali, mzee."

"Uliniambia ni siri ya kampuni!"

"Kampuni haijalalamika."

Mihayo alipekua rundo zima chini ya mizani, karatasi moja moja, huku wateja wakinong'ona. Humo alikuta wake wa watu, maradhi ya watu na watoto wa watu, majina kamili. Ya kwake haikuwamo. Ilikuwa imeshakwenda na sukari ya mtu, kwenye nyumba asiyoijua, na huenda katika nyumba hiyo kulikuwa na msomaji.

Hakwenda kwenye pamba. Safari ya kwanza ya pikapu ile yenye bima halali ilikuwa ya kwenda Bugarama, bila gunia hata moja. Aliiacha kwa Mageni, wakatoa ng'ombe ishirini na wawili, na yeye mwenye gari akatembea kwa miguu nyuma ya mikia yao siku mbili, akimeza vumbi na kulaani duka, mizani, na zaidi ya vyote mkono wake wa kulia. Kazi ya pamba ilipewa mtu mwingine. Habari hiyo aliikuta aliporudi.

Boma walilowafikisha lilikuwa la mama mmoja mjane, na mahali lilipo hapatatajwa hapa. Mama huyo aliwahesabu kwa macho, akaridhika, akaingia ndani, akatoka na daftari la mwanawe na kipande cha penseli.

"Haya, Baba, wewe si msomi? Tuandikiane. Jina la binti, idadi, tarehe. Watu tunasahau."

Mihayo aliipokea penseli kwa mazoea. Ukurasa ulikuwa mweupe, mistari yake yote mitupu, imenyooka, inamngoja.

"Mama," alisema, akimrudishia vyote viwili, "twende tukawatazame tena. Nitakuonyesha mmoja mmoja, uwashike kichwani."