Makopo Mawili

Ko. Ko. Ko. Kisha sauti ikabadilika: pwa, kama boga bovu. Nilikuwa ndani ya tumbo la meli iliyopandishwa nchi kavu, gizani. Nje, fundi mwenzangu Gervasi alikuwa akipima bati la chini kwa nyundo. Uzi mwembamba wa mwanga ukapenya pale palipogongwa.

"Oswald," akasema kupitia tundu lile, "limetoboka."

Meli ya Mzee Urbanus ilibeba chumvi ya Uvinza kwenda Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Magunia yalilowa, na maji makali ya chumvi yakatuama chini ya sakafu, yakikila chuma. Ziwa letu ni la maji baridi. Bahari tuliibeba wenyewe.

Sia, mtaalamu wa kemia kutoka Moshi, ndiye aliyeleta pipa la dawa ya kuzuia kutu. Kipimo kilikuwa makopo manne kila safari, ndani ya maji yale. Alinionya mbele ya mabaharia.

"Usipunguze. Dawa hii inakivika chuma utando. Ikipungua, utando unaacha upenyo, na kutu yote inachimba hapo hapo. Bora usitie kabisa."

"Dada, nimeunga vyuma tangu hujaijua Kigoma," nikamjibu, na nikamtungia ubeti wa majivuno papo hapo.

"Malenga, chuma hakisomi mashairi."

Wakacheka wote. Kicheko kile nililala nacho nyumbani Ujiji wiki nzima.

Pipa lilipokaribia kwisha, nikaona afadhali nife kuliko kumwomba jingine. Safari sita nilitia makopo mawili, daftarini nikaandika manne.

Baada ya tundu lile, Mzee Urbanus alilisoma daftari, akaamini dawa ndiyo mbovu. Akamwachisha Sia kazi. Nami nilikuwepo, nimenyamaza.

Siku hizi niko Mwamgongo, naziba mitumbwi ya mbao. Tangu Mzee aliponifukuza, hakuna anayeniita fundi wa chuma. Jioni nakula peke yangu, na beti ninazotunga hazina wa kuzisikia.

Lakini asubuhi ile Sia alipoondoka Kigoma, nilimfuata stendi. Nilimkuta amekalia begi lake, nikamweleza yote. Akasimama, akalibeba begi.

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi nilijua nilichosema."

Akapanda. Basi likaanza kunguruma. Nikashika ukingo wa dirisha lake.

"Dada Sia, kabla basi hili halijapita Kidahwe, nitakuwa nimesimama mbele ya Mzee Urbanus na lile daftari. Nitamwambia ni mimi."