Hema la Chuma la Emilbek

Mabomba mapya yalikuwepo sokoni Balykchy, mji wa kando ya ziwa, tena tele, yamepakwa mafuta na kufungwa kwa waya, ila bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu acheke kwa hasira. Osmonkul alicheka, muuzaji akamkata jicho, naye akageuza baiskeli yake akarudi nyumbani mikono mitupu.

Alikuwa anatafuta chuma cha kaburi la mwanawe. Emilbek alianguka kutoka kwenye jengo huko Urusi alikokwenda kutafuta maisha, wakamleta ndani ya sanduku la bati lililofungwa, na mama yake hakuruhusiwa hata kumwona uso. Siku ya maziko, kijiji kizima kikiwa kimesimama kwenye upepo, kaka zake Osmonkul walisema watachangishana wamjengee kijana kaburi la matofali. Osmonkul akakataa. Akasema kwa sauti, kila mwanamume akasikia, kwamba yeye ni mchomeleaji wa miaka yote, na hema la chuma la mwanawe atalichomelea mwenyewe kabla ya karamu ya kutimiza mwaka wa msiba. Wakaitikia amina. Neno likishasemwa juu ya kaburi bichi, kwa watu wale, huwezi tena kulimeza.

Kwao, kaburi la mwanamume wa heshima huwekewa juu yake mbavu za mabomba zilizopindwa, zikakutana kileleni kwenye pete, mfano wa yale mahema ya duara walimozaliwa babu zao. Mfu naye awe na kwake. Bila hilo ni tuta la udongo tu, na ng'ombe wanapita juu yake.

Basi akatafuta chuma chakavu. Na hapa ndipo pa kumkera mtu mwenye akili zake, kwa sababu mji ule uliwahi kujaa chuma mpaka kikakosa pa kuwekwa. Kulikuwa na viwanda, kulikuwa na bandari ya ziwani, kulikuwa na mabehewa. Serikali ya zamani ilipoanguka na mishahara ikakatika, watu walivikata vile viwanda wakaviuza kwa kilo, malori yakavipeleka China ng'ambo ya milima. Nani alikuwa fundi wa kukata kuliko wote? Osmonkul huyohuyo. Alisimama juu ya paa la karakana aliyofanyia kazi ujanani, akalishusha boriti kwa boriti, akanunua unga. Sasa alizunguka kwenye misingi mitupu akipekua majani kwa fimbo, akaokota nondo moja iliyopinda na bomba lililooza mpaka kidole kinapenya.

Alikwenda kwenye kituo cha zamani cha matrekta. Mlinzi akamwambia hata bawaba za mlango zilishaibwa. Alikwenda kwa jirani mwenye mabomba ya kumwagilia. Jirani akasema anayapenda mabomba yake. Wenye maghala ya chuma chakavu walikuwa wakinunua kwa tani na kuuza kwa tani, na mtu wa mabomba machache walimwona msumbufu tu. Miezi ikayeyuka. Farasi wa kuchinja karamuni alishatolewa na kaka yake mkubwa, sukari na mchele vilishawekwa. Kilichokosekana ni kile alichojitapa kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mwambie kaka yako alete matofali," mkewe Burulcha alimwambia asubuhi moja, akimimina chai. "Hakuna atakayekucheka."

"Watacheka."

"Wakicheka je? Unamjengea mtoto au unaijengea midomo ya watu?"

"Mama Emil, niache nimalize chai yangu."

Akaiacha chai, akaenda tena kwa Chorobek.

Chorobek alikuwa na ghala pembeni ya reli, kijana mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa kuuza hata kutu. Osmonkul ndiye aliyemfundisha kushika mtungi wa gesi enzi zile za kubomoa, na ndiyo maana hakumfukuza kama wengine.

"Kaka yangu mkubwa! Leo umekuja kuninunulia ghala zima?"

"Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia ni bure. Kupumua pia bure, mpaka hapo serikali itakapopata akili. Zunguka huko nyuma, kuna kitu kitakufaa."

Huko nyuma, chini ya turubai, palikuwa na mzigo wa mabomba membamba. Osmonkul akafunua. Yalikuwa yamepindwa tayari. Kupinda ndiko kazi yenyewe. Bomba hutaka moto, hutaka mchanga ndani, hutaka watu wawili wenye subira. Haya yalikuwa na mkunjo mmoja mzuri, kila moja sawa na mwenzake, kana kwamba yalitengenezwa kwa ajili yake.

"Yametoka wapi haya?"

"Banda la nyanya," Chorobek alisema haraka. "Lile shamba la ushirika, kule bondeni. Walikuwa na mabanda ya miche, kumbuka. Nakupa kwa bei ya kutu, kwa sababu ya marehemu."

Osmonkul akachutama, akashika ncha ya bomba. Akaipapasa kwa dole gumba. Ncha ile ilikuwa imekatwa mshazari na kuchimbwa kidogo, vile fundi anavyoikata ili ikae vizuri juu ya pete. Banda la nyanya halina pete. Akapapasa ncha ya pili, ilikuwa vilevile. Pale kutu ilipobanduka palionekana rangi ya fedha.

Mkono wake ulijua. Watu wa fani huamini mikono yao kuliko macho, na mkono wa Osmonkul ulimwambia wazi wazi kitu gani ameshika. Akauondoa, akaufuta kwenye suruali, akamtazama Chorobek, na Chorobek akatazama reli.

"Banda la nyanya," Osmonkul alisema.

"La nyanya, kaka."

Akalipa. Na mimi ninayesimulia sina la kumtetea, ila niseme tu kwamba alikuwa amechoka, na alimpenda mwanawe.

Alipofika nyumbani, kabla ya lolote, alichukua grinda, mashine ya kukatia chuma, akazikata zile ncha zote. Kisha akakaa kuyakwangua mabomba uani. Burulcha alikuja na ndoo ya maziwa, akasimama, akaokota kipande cha rangi iliyobanduka.

"Nani hupaka banda la nyanya rangi ya fedha?"

"Warusi."

"Warusi walipenda nyanya kiasi hicho?"

"Unataka nini wewe mwanamke? Umelia mwaka mzima kwamba mtoto amelala wazi. Nimepata chuma, unaanza kesi!"

Burulcha alikitazama kile kipande cha rangi kiganjani, akakidondosha, akaondoka na maziwa yake. Maneno yale yalimchoma Osmonkul mwenyewe zaidi kuliko yalivyomchoma mkewe, lakini hakuyaombea radhi.

Kazi, lazima isemwe, ilikuwa nzuri. Alichomelea kwa mkono mtulivu, mistari yake imelala sawasawa bila tone lililomwagika. Bomba moja lilikuwa limewahi kupasuka pale kwenye mkunjo, na mtu fulani zamani alilivisha kipande kinene cha chuma cha kulikaza, kama bandeji ya kidole, kwa ufundi wa kienyeji lakini imara. Osmonkul alilipenda, akaliacha lilivyo. Akapaka rangi ya buluu juu ya kila kitu. Siku mbili kabla ya karamu walilibeba hema yeye na kaka zake hadi makaburini, wakalisimika juu ya Emilbek. Kaka yake mkubwa akampiga begani akasema, "Umetutoa kimasomaso." Osmonkul alilia pale, na alilia kwa furaha, kama furaha ni neno lake.

Karamu ilifana. Farasi aliiva, maandazi yalirundikwa mezani, wazee walikuja kutoka vijiji vya mbali. Mgeni wa heshima kuliko wote alikuwa Beishen, baba wa binti aliyeolewa na Emilbek na kubaki mjane. Kwao mkwe mwenza huketishwa mbele ya watu wote na kupewa nyama bora. Beishen alikuwa mzee mpole, mkulima wa viazi wa ng'ambo ya kilima. Wanaume walipokwenda kusoma Kurani kaburini, alisimama karibu na lile hema la chuma. Walipoinua mikono, yeye hakuinua. Alikuwa amekishika kile kipande kinene kilichovalishwa bomba, amekikumbatia kwa vidole vyote. Kisha akainua mikono kama wenzake, akaomba, akarudi nao, akala alichopewa, akasifu nyama.

Watu walipoanza kutawanyika ndipo alipomwita Osmonkul kando, nyuma ya zizi.

"Mkwe, chuma umekipata wapi?"

"Kwa mtu. Chakavu. Cha banda la—" Osmonkul akakwama.

"Lile bomba nililipasua mimi nikilipinda," Beishen alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa kijana, nikaharakisha moto. Baba alikuwa bado hajatimiza mwaka kaburini. Kaka yangu akanitukana sana, tukakata kipande cha mhimili wa gari la farasi tukalivalisha. Nitalijua hata nikiwa kipofu."

"Mkwe wangu..."

"Sijafika pale kwa baba miaka mingi. Nani huenda? Ukishajenga, umejenga."

Na ni kweli. Watu wale hawana mazoea ya kutembelea makaburi. Hupita barabarani, hupangusa uso kwa dua, huendelea na safari. Aliyekata yale mabomba alilijua hilo. Angeweza kumaliza makaburi ya bonde zima na asisikie hata mbwa akibweka.

"Nikuulize kimoja tu," Beishen alisema. "Ulijua?"

Pale ndipo pangekuwa rahisi. Chorobek alikwisha kumpa uongo ulioiva, alihitaji kuutoa tu. Mzee angemwamini, wangelaani wezi pamoja, wangelia pamoja. Osmonkul alifungua mdomo autoe, akamwona yule mzee anavyomtazama kwa matumaini, anavyomwomba amwambie hapana.

"Nilijua ni cha kaburi," alisema. "Sikujua ni cha nani."

Beishen akatikisa kichwa polepole. Akamfuata bintiye, wakaondoka bila kuchukua furushi la nyama ambalo mgeni hupewa aende nalo nyumbani. Burulcha alibaki mlangoni na furushi mikononi, akimtazama mumewe.

Kesho yake Osmonkul alipanda kilima kwa gari la kuazima hadi kaburi la baba yake Beishen, akaona kwa macho yake. Mduara wa visiki vya mabomba, virefu kama kiganja, umezunguka tuta la udongo lililoporomoka. Vilikatwa kwa gesi, kazi safi, kazi ya mtu aliyefundishwa vizuri. Alimjua mwanafunzi wake kwa mkato. Akaketi chini hapo, hana hata nguvu ya kulaani.

Siku iliyofuata alikwenda peke yake kwa Emilbek, akalikata lile hema mguu kwa mguu. Hakumwomba kaka yake yeyote msaada. Akalipakia, akalipeleka mpaka uani kwa Beishen.

"Nimelileta. Nitalisimamisha mwenyewe, nitalipaka rangi. Sitaki hata chai."

Beishen alikuwa anapanga viazi kwenye magunia. Alikuja hadi kwenye gari, akaligusa bomba la buluu, akarudisha mkono.

"Lirudishe."

"Ni la baba yako!"

"Lilikuwa. Sasa limekaa juu ya mwanao, limesomewa dua ya mwanao. Nimvue kijana nimvishe mzee? Binti yangu alimpenda yule kijana, Osmonkul. Anipite hapa kila siku akijua nimemvua?"

"Basi nilirudishe kwa Emil?"

"Uweke kitu cha baba yangu juu ya mwanao, na wewe unajua, na mimi najua?" Mzee alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Sijui ulipeleke wapi. Wallahi sijui. Ondoka nalo tu, tafadhali."

Aliondoka nalo. Alipita karibu na ghala la reli, na Chorobek akampungia mkono kutoka getini, akaona mzigo, akapaza sauti: "Kaka, kama hukuridhika nalinunua! Bei ileile!" Osmonkul alikanyaga mafuta. Alijua lingekaa chini ya turubai lile wiki moja, kisha lingekuwa banda la nyanya kwa baba mwingine.

Uani kwake alilishusha, akawasha gesi, akaanza kulikata. Hakulikata kwa ncha, hakulikata kwa kupima. Alikata vipande vifupi kama soli ya kiatu, ili mtu yeyote akiviokota asiweze kuvifanyia kitu, si kaburi, si geti, wala kigingi cha kufungia kondoo. Rangi ya buluu iliungua ikatoa moshi mkali, na chini yake ile ya fedha nayo ikaungua. Mtu aliyezunguka mwaka mzima akililia bomba alikuwa sasa anayaharibu mabomba mazuri kuliko yote aliyowahi kuyashika, na kila mkato ulikuwa safi, kwa sababu mikono yake haikujua kukata vibaya.

Burulcha alitoka ndani, akasimama ng'ambo ya moshi amejifunika pua kwa kitambaa.

"Na Emil?"

Aliendelea kukata.

"Baba Emil. Nakuuliza. Na mtoto?"

"Sina cha kumwekea," Osmonkul alisema, akasogeza bomba lililofuata chini ya moto.